Mtoto mmoja, serikali mbili

*Ukambani na majirani zake wamechunguzwa na wanasayansi wa ubongo na malezi kwa miaka mingi. Anayekosekana ni mtaalamu wa kuketi na mtoto, kumpima na kumfuatilia.*

Kila mwalimu wa shule ya msingi anamjua mtoto huyu, kuanzia vijiji vinavyozunguka soko la Tulia kule Kitui hadi Wote na Kibwezi upande wa Makueni. Yuko Gredi ya 3 na huketi dawati la nyuma. Daftari lake la Kiingereza lina kurasa chache zilizoandikwa, na humo herufi "b" na "d" zimebadilishana nafasi. Mstari wa kwanza umenyooka, wa pili umepanda mlima, wa tatu umeishia katikati.

Muulize kuhusu mbuzi wa kwao. Atakwambia yupi ana mimba, yupi huruka ua na yupi alipotea kule mtoni wiki jana, tena bila kusita. Mpe kitabu asome, atainamisha kichwa.

Mwalimu ana darasa zima la kulisukuma mbele, na mitaala haimsubiri mtu. Ataandika kwenye ripoti kwamba mtoto hatii bidii. Nyumbani, nyanya ana maelezo yake: kuna mkono wa mtu. Mchungaji naye ataomba afunge na kuomba pamoja na mama yake.

Wote watatu wanampenda mtoto, na wote watatu huenda wamekosea. Pengine macho yake hayaoni ubaoni. Pengine sikio limekuwa likitoa usaha tangu akiwa mchanga na nusu ya maneno ya mwalimu hayamfikii. Pengine alipata degedege akiwa na miaka miwili na hakuna aliyelitaja tena. Pengine ana disleksia, tatizo la kusoma ambalo halihusiani kabisa na uvivu. Pengine hakula jana. Pengine mama aliondoka nyumbani mwezi wa tatu na tangu hapo mtoto halali usingizi wa kutosha.

Kila mojawapo ya hayo ina tiba yake. Fimbo haimo katika orodha hiyo.

Aliyesomea kazi ya kutenganisha sababu hizi, moja baada ya nyingine, ni mwanasaikolojia wa watoto. Haandiki dawa, hiyo ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili. Yeye hupima jinsi mtoto anavyokumbuka, anavyosikiliza, anavyotatua tatizo na anavyoelewana na wenzake. Humuuliza mzazi historia yote tangu ujauzito. Kisha huwaeleza mwalimu na mzazi cha kufanya, na hurudi kuangalia kama kimesaidia.

Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 katika sensa ya 2019, Makueni 987,653. Hao ni zaidi ya watu milioni mbili, waliotapakaa katika nchi kavu ambako kutoka Kyuso hadi mji wa Kitui, au kutoka Mtito Andei hadi Wote, ni safari ya nauli na siku nzima ya kazi. Mzazi anayeambiwa ampeleke mtoto "akaonwe na mtaalamu" kwa kawaida huwa ameambiwa aende Nairobi, kwenye kliniki ya kibinafsi, akalipe maelfu ya shilingi kwa kikao kimoja. Wengi hawaendi, na hakuna wa kuwalaumu.

UBONGO HAUSUBIRI CHEKECHEA

Tuanze na mwili, kwa sababu ndiko mambo yanakoanzia. Ubongo wa mtoto anapozaliwa huwa na uzito wa kama robo ya ule wa mtu mzima. Akifikisha miaka mitano umekaribia asilimia 90. Ujenzi mkubwa hufanyika tumboni na katika miaka miwili ya kwanza, kipindi ambacho watu wa afya hukiita siku 1,000 za mwanzo. Ujenzi huo hutaka madini ya chuma, zinki, aidini na protini. Unataka pia uso wa mtu: mtoto atoe sauti, mama amjibu, mtoto aonyeshe kidole, baba alitaje jina la kitu kile.

Kitui inazijua vizuri gharama za kukosa hayo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulikuta kwamba watoto wapatao 46 katika kila 100 wa kaunti hiyo walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kitui na Pokot Magharibi ndizo zilizokuwa na hali mbaya kuliko kaunti nyingine zote 45, huku wastani wa taifa ukiwa 26. Kufikia utafiti wa 2022 wastani huo wa taifa ulikuwa umeshuka hadi 18, na hayo ni mafanikio makubwa. Ila watoto waliopimwa 2014 sasa ni vijana walioko shuleni. Uzito na kimo chao vilionekana kwenye mizani na rula, lakini hakuna aliyefuatilia kwa wingi huohuo jinsi wanavyosoma na kukumbuka.

Kisha ukaja ukame. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo tangu mwishoni mwa 2020, na Ukambani ikawa miongoni mwa maeneo yaliyoumia. Watoto waliozaliwa katika misimu hiyo ndio wanaoingia shuleni sasa.

> Watoto waliozaliwa katika misimu mitano ya ukame ndio wanaoingia shuleni sasa.

Kuna jaribio moja ambalo kila diwani wa Kitui na Makueni angepaswa kulijua, kwa sababu lilifanyika jirani tu, ng'ambo ya Mto Tana, na kwa chakula ambacho kila nyumba hapa inakipika.

Mwaka 1998 watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliingia katika shule 12 za tarafa ya Kyeni Kusini, Embu. Wanafunzi wa darasa la kwanza wakapangwa kwa shule. Kundi moja likapewa githeri yenye nyama ya kusaga. La pili githeri na glasi ya maziwa. La tatu githeri iliyoongezwa mafuta. La nne halikupewa chochote shuleni. Mwendo ukawa huo kwa karibu miaka miwili.

Wanasaikolojia ndio waliokuwa na kazi ya kupima kama chakula kinafika kichwani. Mtoto aliketishwa mezani, akaonyeshwa mchoro wa mistari na maumbo yanayofuatana kwa mpango fulani, pembeni moja ikiwa tupu. Chini yake kulikuwa na vipande kadhaa. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kipande kinachofaa kujaza pengo. Hakuna kusoma wala Kiingereza. Ni jicho na fikra. Kipimo hicho kinaitwa Raven.

Matokeo yaliyochapishwa 2003 yaliwashangaza wengi. Watoto wa nyama walipiga hatua kuliko makundi mengine yote katika kipimo hicho. Wa maziwa hawakuwashinda hata wale ambao hawakupewa kitu. Na uwanjani, wakati wa mapumziko, watoto wa nyama ndio waliocheza kwa nguvu zaidi na kuwaongoza wenzao.

Maelezo yake si ya ajabu. Mahindi na maharagwe ya githeri yana chuma na zinki, lakini yana pia vitu vinavyozuia mwili kuyafyonza madini hayo. Nyama kidogo huleta chuma kinachofyonzwa kwa urahisi, pamoja na vitamini B12. Maziwa ni mazuri kwa mifupa, lakini hayana chuma cha kutosha.

Naliandika jambo hili kwa kirefu kwa sababu linabadilisha swali. Tukiuliza kwa nini mtoto wa Tulia hashiki hesabu, jibu linaweza kuwa ndani ya sufuria. Lakini bila mtu aliyefunzwa kupima fikra, Embu isingejua kamwe. Wangepima uzito tu na kurudi nyumbani wakidhani makundi yote yaliyolishwa yamefaidika sawa.

KIPIMO NACHO LAZIMA KIMJUE MTOTO

Hapa pana hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Wazazi na walimu wengi wana wasiwasi na vipimo vya akili, na wana haki. Vingi vilitungwa Ulaya na Marekani kwa watoto waliokulia kati ya penseli, vitabu vya picha na vitu vya kuchezea vya dukani. Ukimpa mtoto wa Mutomo ambaye hajawahi kushika fumbo la vipande vya karatasi, unapima uzoefu wake na karatasi, huku ukiandika kwamba umepima akili.

Kenya imetoa ushahidi maarufu wa jambo hilo. Kule Usenge, kando ya Ziwa Viktoria, timu iliyomjumuisha mwanasaikolojia wa Marekani Robert Sternberg na Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta iliwapima watoto 85 wa umri wa miaka 12 hadi 15. Iliwauliza kuhusu mitishamba: ipi ya minyoo, ipi ya homa, inatumiwa vipi. Kisha ikawapa vipimo vya kawaida vya msamiati wa shule. Matokeo yalichapishwa 2001: waliojua zaidi mitishamba walielekea kupata alama ndogo katika vipimo vya shule. Hawakuwa wajinga. Nyumbani na shuleni walitakiwa kujua mambo tofauti, na muda wa mtoto ni mmoja.

Msomaji wa Ukambani atamkumbuka yule wa mbuzi.

Je, vipimo vitupwe? Pwani imejibu swali hilo kwa vitendo. Katika kituo cha utafiti cha KEMRI mjini Kilifi, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35, wakianza na watoto na wazazi wa palepale. Mtoto hutembea juu ya mstari, husimama kwa mguu mmoja, hutunga shanga, huchomeka vijiti kwenye matundu. Anayepima huzungumza lugha ya nyumbani, na mama yuko karibu. Kipimo hicho kimetumika kuwaangalia watoto waliougua sana, wakiwamo wenye virusi vya ukimwi na waliokumbwa na utapiamlo.

Kilifi ndiko pia ilikoonekana wazi kwamba malaria ya kupanda kichwani haiishi mtoto anapotoka wodini. Karibu mmoja kati ya wanne wa walionusurika alibaki na upungufu fulani, katika kumbukumbu, lugha au usikivu, ambao hauonekani kwa mtu anayempita njiani. Hao ndio baadaye huitwa wavivu.

Kwa hiyo vifaa vya kupimia mtoto wa Kiafrika vipo, na vimetungwa na Waafrika. Hoja kwamba tusubiri kwanza sayansi imekwisha nguvu.

WAGANGA NA MADAKTARI MEZA MOJA

Makueni nayo ina historia yake, na haisimuliwi vya kutosha.

Profesa David Ndetei, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alianzisha mwaka 2004 taasisi ya utafiti na mafunzo ya afya ya akili barani Afrika. Yeye na wenzake, wakiwamo Victoria Mutiso na Christine Musyimi, waliifanya Makueni kuwa mahali pa kujaribu swali gumu: huduma ya akili itafikaje kijijini ambako mtaalamu hayupo?

Hawakuanza kwa kuwafukuza waganga. Waliwaita. Mundu mue (mganga wa jadi kwa Kikamba), wachungaji wanaoponya kwa maombi, na wahudumu wa hospitali waliketi kwanza kila kundi peke yake, kisha pamoja, wakaambiana waliyokuwa wakisemeana kando. Wahudumu wa hospitali walilalamika kwamba wagonjwa huletwa wakiwa wamechelewa. Waganga walilalamika kwamba hudharauliwa ilhali ndio wa kwanza kufuatwa. Maelezo ya mazungumzo hayo yalichapishwa 2016. Mradi mpana zaidi uliwafunza wahudumu wa afya na waganga hao kutambua dalili kwa kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioandikwa mahususi kwa wasio mabingwa, na kuwapeleka wagonjwa mbele.

Wapo wanaopinga mpango wa namna hii, na nimewasikia wakisema kwamba kumketisha mganga meza moja na muuguzi ni kumpa cheti cha kuumiza watoto. Hofu hiyo ina msingi: mtoto mwenye kifafa au usonji anaweza kuchanjwa, kufungiwa au kunyimwa chakula kwa jina la tiba. Mimi naona kuwa anayepuuza mlango wa kwanza ambao mama anaubisha hatamwona mtoto huyo hadi amechelewa. Lakini kukubali kumpokea mganga lazima kuandamane na masharti yaliyo wazi: mtoto asiguswe kwa wembe, asifungwe, na apelekwe zahanati.

Kazi ya taasisi hiyo Makueni ilifika pia kwa wasichana wajawazito. Utafiti wa Musyimi na wenzake uliochapishwa 2020 uliwasikiliza watu wa kaunti hiyo kuhusu mawazo ya kujiua miongoni mwa wasichana hao. Yaliyotajwa kuwasukuma ni umaskini, ukatili wa wapenzi, kukataliwa na familia, kutengwa na kusemwa na jamii, na maradhi ya kudumu. Angalia orodha hiyo tena. Manne kati ya hayo matano yanaweza kuanza kushughulikiwa na mtu mzima mmoja aliyefunzwa kusikiliza na kujua aende kwa nani.

Ni muhimu kukumbuka kwamba hadi Januari 2025, msichana wa aina hiyo aliyejaribu kujiua na kunusurika angeweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Mahakama Kuu iliamua mwezi huo kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mlango wa kuomba msaada umefunguliwa kisheria. Nyuma yake sharti pawe na mtu.

FIMBO NA MOTO

Mwaka 2001 Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni. Mwaka huohuo, usiku mmoja wa Machi, bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, liliteketezwa kwa makusudi na wavulana 67 wakafa. Ukambani haijasahau. Jopo la Naomi Wangai lililochunguza utovu wa nidhamu katika shule za upili mwaka huo lilihimiza ushauri nasaha uimarishwe.

Tangu hapo karibu kila shule imekuwa na mwalimu wa ushauri nasaha. Tatizo ni kwamba ni mwalimu yuleyule. Ana vipindi vyake vya Kemia au Kiswahili, anasimamia mabweni, anasahihisha mitihani, na katikati ya hayo anatarajiwa kumsikiliza mtoto aliyenajisiwa. Wengine huifanya kazi hiyo kwa moyo mkubwa. Wengi hawakufunzwa zaidi ya semina, na chumba cha ushauri mara nyingi ndicho stoo ya vitabu. Zaidi ya hayo, mwanafunzi anajiuliza: nikimweleza huyu siri yangu leo, kesho si ndiye atakayekuwa kwenye kikao cha kunifukuza?

> Mwalimu wa ushauri nasaha ni mwalimu yuleyule mwenye vipindi vya Kemia.

Katiba ya 2010, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 na Sheria ya Watoto ya 2022 zote zinamlinda mtoto dhidi ya ukatili. Fimbo bado iko kwenye shule nyingi, kila mtu anajua. Sidhani ni kwa sababu walimu ni wakatili. Tuliwanyang'anya chombo kimoja, ambacho ni kibaya, bila kuwapa kingine.

NANI AFANYE KAZI HII?

Hapa ndipo wataalamu wenyewe wanapotofautiana, na mjadala wao utaamua kama mtoto wa dawati la nyuma atafikiwa.

Upande mmoja unasema: wafunze watu wa kawaida. Una ushahidi mzuri. Nchini Zimbabwe, Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na wenye msongo wa mawazo, na jaribio lililochapishwa 2016 lilionyesha kwamba wagonjwa walipata nafuu. Hapa Kenya, shirika la Shamiri lililoanzishwa na Tom Osborn lilitumia vijana wa miaka 18 hadi 22, waliotoka tu shule ya upili, kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa vikao vinne vya saa moja. Wanafunzi 413 walishiriki katika jaribio lililochapishwa 2021. Dalili za mfadhaiko na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliohudhuria vikao hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu.

Upande huu una hesabu rahisi ya kuonyesha. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipotoa ripoti 2020, likitaka maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa, nchi nzima ilikuwa na madaktari wa akili wapatao mia moja tu, na wengi wao wakiwa Nairobi. Ukisubiri kila kaunti ndogo ipate bingwa wake, watoto wa leo watakuwa wazazi.

Upande wa pili unajibu kwamba afya ya mtoto si kazi ya kubahatisha. Bunge lilipitisha Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia mwaka 2014 ili anayejiita mwanasaikolojia awe amesajiliwa. Sababu ilikuwa wazi: watu walifungua ofisi baada ya kozi ya wiki chache. Kutambua disleksia, usonji au athari za degedege hakufanani na kumfariji kijana mwenye huzuni. Ukikosea, mtoto hubandikwa jina ambalo humfuata hadi anaoa.

Kwa maoni yangu pande zote mbili ziko sawa, ila zinazungumzia ngazi tofauti. Vikao vya Shamiri vinamfaa mwanafunzi wa shule ya upili anayehofia maisha yake. Havitamsaidia mtoto wa miaka minane ambaye herufi zinamkimbia. Na mhudumu wa kijiji aliyefunzwa kutambua dalili ataichoka kazi hiyo haraka ikiwa kila anapotambua hana pa kumpeleka mtoto. Mafunzo ya watu wa kawaida bila mtaalamu nyuma yao ni kuwatwika mzigo wanyonge.

Wanaohitimu wapo. Chuo Kikuu cha Nairobi, USIU-Africa na Daystar, ambacho kampasi yake kuu iko Athi River hapo Machakos, hufundisha saikolojia hadi shahada za juu. Vijana hao wakimaliza hutafuta kazi katika mashirika, kampuni na kliniki za mjini. Tume ya Huduma za Walimu huajiri walimu. Mwanasaikolojia wa kuzungukia shule za msingi hana meza ya kukalia.

MTOTO ANAPOVUKA MPAKA

Kwa nini hana? Kiini cha jibu kimo katika Jedwali la Nne la Katiba, na ni jambo ambalo halitajwi katika hotuba za siku ya mtoto.

Elimu ya chekechea ni ya serikali ya kaunti. Zahanati na hospitali za kaunti ni za kaunti. Shule ya msingi, shule ya upili na elimu maalumu ni za serikali ya kitaifa. Basi mtoto wa Tulia akiwa na miaka mitano ni wa gavana. Akiingia Gredi ya 1 anakuwa wa Wizara ya Elimu. Akiugua anarudi kwa gavana. Akishukiwa kuwa na ulemavu anapelekwa kwenye kituo cha tathmini ya elimu, vile vituo vilivyoanza 1984 kwa msaada wa Denmark, ambavyo viko chini ya Wizara na huendeshwa hasa na walimu wa elimu maalumu.

Kila anapovuka, karatasi zake hubaki nyuma. Muuguzi aliyeandika kwenye kijitabu cha kliniki kwamba mtoto alichelewa kutembea hana njia ya kumwambia mwalimu wa Gredi ya 1. Mwalimu wa chekechea anayelipwa na kaunti, ambaye alimwona mtoto kila siku kwa miaka miwili, haulizwi kitu na mwalimu anayelipwa na Tume. Anayeumia ni mtoto, maana tatizo lililoonekana mapema huanza kutafutwa upya akiwa na miaka tisa.

> Kila mtoto anapovuka kutoka serikali moja hadi nyingine, karatasi zake hubaki nyuma.

Hili halihitaji sheria mpya. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yamezipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo katika jamii. Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini walikabidhiwa vifaa vyao Septemba 2023, na kazi yao ni kuingia nyumba kwa nyumba. Wao ndio wanaomjua mtoto ambaye bado hajatamka neno akiwa na miaka miwili na nusu. Vituo vya tathmini vipo. Walimu wa chekechea wapo.

Kinachotakiwa ni kuviunganisha, na kiungo hicho ni mtu: mwanasaikolojia wa watoto katika kila kaunti ndogo, aliyeajiriwa na kaunti upande wa afya, mwenye kibali cha kuingia shule za msingi za serikali ya kitaifa kwa makubaliano ya maandishi kati ya gavana na Wizara. Jumatatu awe hospitalini akiwapokea waliotumwa na wahudumu wa kijiji. Siku nyingine awe barabarani, shule moja baada ya nyingine, akiwa na vipimo vilivyotungwa kwa mtindo wa Kilifi na si vya London, akiwasaidia walimu wa ushauri nasaha na kuwaondolea kesi zinazowazidi. Kitui na Makueni zikichanga nguvu, zinaweza kuanza na wachache, katika kaunti ndogo zilizo mbali zaidi na miji.

Watakaosema fedha hazipo wanastahili kusikilizwa. Kaunti hizi zina visima vya kuchimba na barabara za kukarabati, na diwani hapigiwi kura kwa sababu ya kitu kisichoonekana kwa macho. Ila gharama ya kutofanya lolote tayari inalipwa: katika madarasa yanayorudiwa, katika mabweni yanayolindwa usiku kwa hofu ya moto, katika nauli za kwenda Hospitali ya Mathari mtoto akishakuwa mtu mzima.

Makueni imejijengea sifa nchini kwa kuwashirikisha wananchi katika bajeti, kuanzia vikao vya kijiji hadi kaunti. Ni katika vikao hivyo, kabla ya mwaka wa fedha kufungwa Juni 30, ambapo mzazi anaweza kusimama na kuuliza: katika orodha ya wafanyakazi wa afya wa kaunti yetu, yuko wapi mwanasaikolojia wa watoto, analipwa kwa fungu gani, na atafika lini shule ya kwetu? Kitui ina vikao vyake vya maoni ya umma kuhusu bajeti pia, na swali ni lilelile.